Kalamu Iliyokauka Augusta

Mama mmoja wa Uvira, Kongo, ana kalenda ukutani, zile za bure zinazogawiwa dukani mwisho wa mwaka, na kalamu nyekundu inayoning'inia pembeni kwa uzi. Kila usiku akishawalaza watoto anakata siku moja. Jioni niliyokwenda kwake Portland, jimboni Maine, kumsomea barua zilizokuja kwa Kiingereza, alikuwa amekata siku ya 94. "Bado 56," akaniambia, hata koti sijavua.

Kwao alikuwa mkunga. Amepokea watoto wa watu kwa miaka 11, mara nyingine kwa mwanga wa simu. Hapa haruhusiwi hata kufagia ukumbi wa hoteli. Sheria ya Marekani inamtaka mwomba hifadhi akae siku 150 tangu kuwasilisha ombi lake ndipo aombe kibali cha kazi, na kibali chenyewe hakitolewi kabla siku 180 hazijatimia. Akiomba kesi isogezwe mbele kwa kuwa hajapata wakili, hesabu ya siku inasimama. Tena tangu Julai 2025, Congress ilipopitisha ile sheria kubwa ya kodi na matumizi ya Rais Trump, kibali cha kwanza, ambacho zamani mwomba hifadhi alipewa bure, kiliwekewa ada ya dola 550. Mtu aliyekatazwa kuchuma hata senti anadaiwa mamia ya dola ili aruhusiwe kuchuma!

Halafu msimu wa uchaguzi unafika, na mwanasiasa mwenye tai iliyonyooka anapanda jukwaani kuwaambia watu kwamba wageni hawa ni wavivu, wanaishi kwa kodi zenu. Huo ni uongo, na anayeusema anajua kuwa ni uongo. Aliyemfunga mtu mikono hana haki ya kumsimanga kwamba halimi.

Maine ndilo jimbo lenye wazee wengi kuliko yote Marekani ukilinganisha na idadi ya watu wake. Wanaozikwa kila mwaka ni wengi kuliko wanaozaliwa. Nyumba za kutunzia wazee zimefungwa vijijini, si kwa kukosa wazee, bali kwa kukosa mikono ya kuwanyanyua kitandani. Mwaka 2019 serikali ya jimbo yenyewe iliandika mpango wa miaka 10 na kukiri kwamba itahitaji watu 75,000 zaidi kwenye nguvu kazi ifikapo 2029. Mwaka huohuo wa 2019, mwezi Juni, mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walishuka kwenye mabasi Portland baada ya safari iliyopitia msitu wa Darién na mpaka wa Meksiko, wakalazwa kwenye vitanda vya kukunja katika uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu. Jimbo lililokuwa likilia halina watu liliamka asubuhi likawakuta watu mlangoni, wenye nguvu, wanaotaka kazi. Washington ikawaambia: kaeni.

Lawama hii si ya chama kimoja. Seneta Susan Collins, Mrepublikan, na Mbunge Chellie Pingree, Mdemokrati, wote wawili kwa nyakati tofauti wamewasilisha miswada ya kupunguza muda huo wa kusubiri hadi siku 30. Miswada ikafia Congress. Si kwamba hoja haikueleweka. Ilieleweka, ila mgeni asiye na kazi ana faida kubwa jukwaani. Mgeni mwenye mshahara, anayelipa kodi na kununua gari la mitumba, utamtisha nani naye?

Nataka kusimama kidogo Lewiston, mji wa viwanda vya nguo kwenye mto Androscoggin, kwa sababu historia yake inawaumbua wengi. Waliojaza viwanda vile karne ya 19 walikuwa Wakanada wa Quebec, masikini, Wakatoliki, wasemaji wa Kifaransa, walioletwa na treni. Wenyeji waliwaona kama mnavyojua mgeni anavyoonwa. Mwaka 1919 Maine ilipitisha sheria ya kufundisha kwa Kiingereza tu katika shule za umma, na mtoto aliyeteleza akasema Kifaransa aliadhibiwa. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan iliandamana katika miji ya jimbo hilo, na waliowindwa hasa walikuwa hao Wakatoliki wa Kifaransa. Mmoja wa wajukuu wao, mtoto wa kwanza kati ya watoto 18, aliyezaliwa Lewiston na kulelewa kwa Kifaransa, alikua akawa gavana. Jina lake Paul LePage. Na huyo, aliyenyonya lugha iliyopigwa marufuku, ndiye aliyepigana kufuta msaada wa chakula na kodi ya nyumba kwa waomba hifadhi. Ndiye aliyesema hadharani mwaka 2016 kwamba wanaleta magonjwa. Bibi zake walitajwa hivyohivyo.

Alifikaje Augusta, makao makuu ya jimbo, kwenye kiti cha ugavana? Hapa ndipo uchaguzi unapogusa sahani ya mtu. Mwaka 2010 LePage alishinda kwa asilimia 38 hivi. Wapiga kura wengi hawakumtaka, ila waligawanyika kati ya wapinzani wake, naye akapita katikati. Wananchi walijifunza kwa machungu, na mwaka 2016 wakapitisha kwa kura yao wenyewe utaratibu wa kuwapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kama hakuna aliyepata zaidi ya nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata. Lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ya jimbo ilitoa maoni kwamba utaratibu huo unagongana na katiba ya Maine katika uchaguzi mkuu wa gavana na wabunge wa jimbo. Ndiyo maana leo unatumika kwenye kura za mchujo na kwenye nafasi za kitaifa, na kiti cha gavana, ambacho ndicho kilichosababisha yote, kimeachwa nje. Novemba mwaka huu wa 2026 mtu anaweza tena kuwa gavana wa Maine huku wengi wamemkataa. LePage mwenyewe alitangaza mwaka 2025 kurudi ulingoni, safari hii akiwania kiti cha Congress.

Adui anayejitangaza simwogopi sana. Ninayemwogopa ni rafiki mwenye kalamu kavu.

Gavana Janet Mills simwonei. Alimshinda LePage mwaka 2022, tena kwa kura zaidi ya nusu. Februari 2025, ndani ya Ikulu ya Marekani, mbele ya magavana wenzake, alimjibu Rais Trump ana kwa ana kwamba watakutana mahakamani. Si mwanamke mwoga. Kwa hiyo kilichofuata sikielewi wala sikisamehi. Juni 2025 Bunge la jimbo lilipitisha mswada namba 1971, unaowakataza polisi wa jimbo na wa miji kufanya kazi ya maafisa wa uhamiaji: kumshikilia mtu ambaye kosa lake ni karatasi tu. Ukapelekwa mezani kwake. Hakuusaini. Hakuukataa pia. Kwa sheria za Maine, mswada ambao Bunge limeuacha mezani likaenda mapumziko unaweza kukaa hapo mpaka Bunge lirudi. Ukakaa. Julai ikapita, Agosti, Septemba. Oktoba gavana akatangaza kuwania useneta. Desemba ndipo aliposema ataacha mswada uwe sheria bila saini yake.

Bila saini yake. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, na naona wanasiasa wetu wapole wameugeuza usemi huo kuwa ilani ya chama. Kwa kuwa mswada ulicheleweshwa hivyo, na sheria ya kawaida Maine huanza kufanya kazi siku 90 baada ya Bunge kufunga kikao, Januari 2026 ilipofika ulinzi ule ulikuwa bado maneno kwenye karatasi.

Na Januari walikuja. Maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu waliingia Portland na Lewiston kwa operesheni waliyoipa jina la samaki wa leo, lile linaloandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mikahawa ya pwani. Watu, waitwe samaki! Serikali ilitangaza imekamata zaidi ya watu 200, kisha tarehe 29 Seneta Collins akaeleza kwamba baada ya mazungumzo yake na waziri operesheni imekoma. Sidai kwamba sheria ya jimbo ingewazuia maafisa wa serikali kuu wasishuke kwenye magari yao. Isingewazuia. Ingewaambia tu polisi wa hapa, wanaowajua watu hawa kwa majina na wanaonunua sambusa kwenye maduka ya Lisbon Street, kwamba hawako kwenye kazi hiyo. Na ingemwambia mama anayeogopa kuita polisi anapopigwa na mumewe kwamba aite.

Wiki ile nilizunguka na mifuko ya unga, mafuta na maziwa ya watoto. Tulikuwa na utaratibu: unatuma ujumbe kwanza, unabisha mara mbili, unasema jina lako kwa Kiswahili. Kwenye nyumba moja mlango ulifunguliwa kiasi cha kupitisha mkono tu. Mkono wa mtoto ukatoka, wa miaka sita au saba, ukapokea mfuko mmoja mmoja kama anayefanya kitu cha wizi. Baba yake ana kibali cha kazi. Ana kesi iliyo hai mahakamani. Ana kila karatasi waliyomwambia awe nayo, na hakwenda kazini siku tano. Nilisikia madereva wa mabasi ya shule wakisema wanapita vituo vitupu.

Wanaotuambia kwamba watu wa Maine hawako tayari kumtetea mgeni, kwamba lazima kwenda polepole tusiwaudhi wapiga kura, hawawajui watu wao. Oktoba 2002 meya wa Lewiston aliwaandikia Wasomali barua ya wazi akiwataka wapunguze kuja, wengi wao wakiwa watu waliokwishakaa miaka kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi wa rangi kilifika mjini kufanya mkutano, kikapata watu kama dazeni tatu. Upande wa pili wa mji, siku hiyohiyo ya baridi kali, walikusanyika zaidi ya watu 4,000 kuwaunga mkono Wasomali. Meya alikuwa likizo Florida. Mwaka 2011 wabunge walipofuta haki ya kujiandikisha kupiga kura siku yenyewe ya uchaguzi, wananchi waliirudisha kwa kura ya maoni mwaka huohuo. Novemba 2025 walipoletewa pendekezo la masharti ya vitambulisho na kubana upigaji kura wa mapema, walilikataa kwa kura karibu mbili kwa moja. Mwaka 2022 waliwapeleka Deqa Dhalac na Mana Abdi kwenye Bunge la jimbo, wanawake wawili wa asili ya Somalia. Watu wametangulia. Wanaosuasua nyuma ni viongozi, wameshika kura za maoni za wiki jana kama kipofu aliyeshika fimbo ya mwenziwe.

Kwa hiyo sitaki tena kusikia mgombea ugavana akinisalimia "karibu" aliyojifunza jana. Nina swali moja kwa kila atakayekuja kwenye makanisa yetu na misikiti yetu kabla ya Novemba: mswada ukifika mezani kwako ukiwa na kelele, utatia saini kwa jina lako kamili, au utausubirisha? Jibu kwa ndiyo au hapana. Na nyinyi ndugu zangu ambao tayari mmekula kiapo cha uraia, wa Bukavu, wa Bujumbura, wa Mombasa, mnaosema siasa za hapa hazituhusu: mkunga wa Uvira hana kura. Ana nyinyi. Maine inakuruhusu kujiandikisha asubuhi ileile unayopiga kura. Huna kisingizio, na mimi sitakutafutia.

Jioni ile tulimaliza barua saa tatu. Ya kliniki, ya shule, ya wakili wa bure akisema ana foleni ndefu. Chini kabisa ya rundo kulikuwa na karatasi nene inayong'aa, ya mgombea, imeandikwa jina la mpangaji aliyehama. Picha nzuri, mwanamume na mbwa wake ufukweni. Akaniuliza huyu anasemaje juu yetu. Nikaisoma mbele, nikaisoma nyuma: kamba wa baharini, kodi za nyumba, barabara, shule. Nikamwambia hajasema kitu. Aliitazama kidogo, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaiweka kwenye fungu la barua zinazosubiri majibu.