Mwanagenzi Apimwe kwa Mikono



Kila mwaka vijana wa vyuo vya ufundi huja kuomba mafunzo ya kazi katika karakana za reli, nao huitwa mbele ya mabwana watatu au wanne wahojiwe. Mimi nilisoma shule ya misheni tu, lakini kazi naijua, na nasema wazi kwamba mengi ya maswali yale hayapimi ufundi.

Kijana huamriwa ataje kanuni kwa Kiingereza cha haraka haraka. Mwenye ulimi mwepesi hupita. Yule aliyekulia gereji, ajuaye kwa kugusa tu nati iliyokaza na nati iliyokufa, hubabaika akarudi kwao kwa nauli ya kukopa.

Mwulizeni hivi: behewa likikatika njiani, kwa nini breki hujifunga zenyewe? Katika breki za vakyumu, hewa ya nje huingia katika bomba lililokatika, ikasukuma pistoni, breki zikabana. Katika breki za hewa za namna aliyobuni George Westinghouse wa Marekani mwaka 1872, kila behewa lina tangi lake. Presha ya bomba ikishuka, vali huiachia hewa ya tangi ikabana breki. Njia mbili, shabaha moja: chombo kikiharibika, gari lisimame. Kijana akilifikia jambo hilo kwa akili yake, hata akikosea majina ya vyombo, huyo ni fundi. Basi na ajibu kwa Kiswahili akipenda. Breki hazina kabila.

Tena mpeni nyundo agonge gurudumu na kusikiliza, maana lenye ufa halilii kama zima. Mpeni kipimo apime upana wa njia, ile ya zamani ya mita moja, au ile ya milimita 1,435 iliyofunguliwa kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017.

Nanyi vijana, msifikiri kimyakimya. Semeni kwa sauti mnachokiwaza. "Sijui, lakini ningeanza kukagua hapa" ni jibu bora kuliko kubahatisha.

Chama kidai fundi mmoja wa karakana aketi pale mezani, nusu ya alama iwe ya kazi ya mikono, na anayekataliwa aandikiwe sababu. Tawi letu lipeleke neno hili katika mkutano ujao na wakubwa. Wakisema hakuna kiti cha fundi, kiti tutakileta sisi.