Unalipia Calamari, Unakula Unga: Mbona Nairobi Ni Kukaanga Tu?
Msee, ukiagiza calamari hoteli nyingi za Nairobi, unaletewa pete za unga zimejaa mafuta. Ngisi mwenyewe humwoni. Shida ni jikoni: ngisi anataka dakika mbili hivi kwa moto mkali, ama nusu saa na zaidi kwa moto mdogo. Hapo katikati anakuwa mpira, na unga hufunika makosa. Hata 2022, Indonesia ilipofunga mauzo ya mafuta ya mawese na bei ikapaa huku kwetu, karai halikupoa.

Pwani wanampika kwa nazi ama wanamchoma kwa makaa. Kwa hivyo kabla ulipe, uliza weita: "Kuna ngisi wa nazi ama wa kuchoma?" Akisema hakuna, songa. Doh ni yako.