Grafiki nayo ni andiko: tujifunze kulisoma

Wengi wetu katika kitivo hiki tumetoka seksheni ya Latini-Filozofia au pedagojia, na tulichagua lugha tukidhani tumeagana na hesabu. Ndiyo maana tukikuta grafiki katika makala ya fonetiki, tunairuka na kwenda aya inayofuata. Kazi za mwisho za wanafunzi nazo zina tabia hiyohiyo: mchoro umebandikwa, chini yake pameandikwa "kama inavyoonekana", basi. Kinachoonekana ni nini? Msomaji haambiwi.

Naona kwamba kusoma grafiki ni kazi ya mwanaisimu, na inafaa ifundishwe hapa kwetu, kwa maneno ya Kiswahili, tangu mwaka wa kwanza.

Tuchukue Lingala. *Moto*, kwa toni ya chini mara mbili, ni mtu. *Motó*, kwa toni ya juu mwishoni, ni kichwa. Tukirekodi maneno haya na kuyaingiza katika Praat, programu ya bure iliyotungwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink, tutapata mistari miwili. Mhimili mlalo unaonyesha wakati, mhimili wima unaonyesha kimo cha sauti kwa hezi. Katika *motó* mstari unaanza chini, unakatika, kisha unatokea tena juu. Kwa nini unakatika? Kwa sababu *t* si ghuna: nyuzisauti hazitetemi, basi hakuna cha kupima. Asiyejua hilo atasema toni imekwisha, au mashine imeharibika.

Kuna mtego mwingine. Sauti ileile, mhimili wima ukianzia 0 hadi hezi 500, itaonekana kama uwanja tambarare. Ukianzia 100 hadi 160, itaonekana kama milima. Sauti haikubadilika, kipimo ndicho kilichobadilika. Kwa hiyo macho yaanze kwenye tarakimu za pembeni kabla ya kuufuata mstari.

Jambo hili halibaki katika fonetiki tu. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilisumbua Kivu Kaskazini na Ituri. Watu zaidi ya 3400 waliugua, na zaidi ya 2200 kati yao walikufa. Grafiki ya jumla ya wagonjwa tangu mwanzo haiwezi kushuka hata siku moja: wagonjwa wapya wakipungua, inapanda polepole, wakikosekana kabisa, inalala. Grafiki ya wagonjwa wapya wa kila wiki ndiyo inayoshuka. Mfasiri akichanganya hizi mbili, atawaambia watu kwamba ugonjwa unazidi wakati unapungua. Na kufasiri maelezo ya namna hiyo ni kazi wanayoombwa watu wa lugha kama sisi.

Najua jibu la baadhi ya wenzangu, na hata la walimu wengine: "Sisi si watu wa hesabu." Lakini hapa hakuna anayeombwa kukokotoa. Grafiki ina sarufi yake: mihimili, vipimo, mwanzo wa hesabu, mahali palipo patupu. Anayeweza kuchambua ngeli za nomino hashindwi na hayo.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, somo la fonetiki litenge saa chache za kusoma michoro, kila mwanafunzi akitumia sauti yake mwenyewe. Pili, kila grafiki katika kazi ya mwisho ifuatwe na aya inayosema mihimili inapima nini, mstari unafanya nini, na mchoro hauwezi kuthibitisha nini. Tatu, walimu na wanafunzi tupatane juu ya maneno: tuseme grafiki au grafu, mhimili au mstari wa kupimia? Tusipochagua, tutaendelea kueleza Kiswahili kwa Kifaransa.

Sehemu kubwa ya lugha za nchi yetu ni za toni. Ciluba kwa mfano kimezigeuza toni za kale za Kibantu: palipokuwa juu pamekuwa chini. Uvumbuzi kama huo bado unangoja katika lugha nyingi ambazo hazijachunguzwa. Tukiendelea kuruka michoro, tutazirekodi lugha hizo sisi, na wengine ndio watakaotuambia zilisema nini.