Wanafunzi wanaotengeneza tovuti za masomo wapewe pointi, si makofi tu

Tarehe 1 Julai 2013, Oracle Education Foundation, shirika lisilo la faida lililoanzishwa na kampuni ya Oracle ya Marekani, lilifunga maktaba ya ThinkQuest. Ndani yake mlikuwa maelfu ya tovuti za masomo zilizotengenezwa na wanafunzi wa nchi nyingi: hesabu, historia, magonjwa, wanyama, sayari. Mwalimu aliyezoea kuwatuma watoto wa darasa lake huko alibaki na anwani isiyofungua. Vijana waliotengeneza kurasa hizo walikuwa wameshapewa zawadi, vyeti na picha za ukumbusho. Kazi yenyewe ndiyo iliyokosa mlinzi.

Kisa hicho kimepita miaka zaidi ya kumi, lakini kinawahusu wakuu wa shule na vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Bunia na Kisangani kuliko wanavyofikiri. Huku mashariki mwa Congo vijana wanaojua kutengeneza tovuti si haba. Wengine wamejifunza chuoni, wengine kwa telefone tu, usiku, wakati mega zinauzwa kwa bei nafuu. Wakitengeneza kitu cha kusaidia wenzao kusoma, mara nyingi wanapigiwa makofi siku moja, mkuu anasema maneno mazuri, kisha basi. Kesho yake wanaulizwa: TFC yako iko wapi?

ThinkQuest ilianza mwaka 1996, wakati intaneti bado ilikuwa kitu kigeni hata kwa Wamarekani wengi. Iliwekwa na Advanced Network & Services, shirika lililoongozwa na Allan Weis, kabla ya kuingia mikononi mwa Oracle. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kufanya. Wanafunzi wachache wanaunda timu, mtu mzima mmoja au zaidi anawasimamia, wanachagua somo, wanalichimba, kisha wanalifundisha kwa wengine kupitia tovuti. Timu zilihimizwa kuunganisha watoto wa shule na hata nchi tofauti, ambao pengine hawajawahi kuonana uso kwa uso. Walioshinda walipata pesa za masomo, kompyuta au safari.

Hapo ndipo palipo na siri ya jambo lenyewe. Mwanafunzi anayesoma kwa ajili ya mtihani anaweza kukariri bila kuelewa, na Congo nzima inajua hilo linavyofanyika kila mwaka kwenye mtihani wa serkali. Lakini anayetaka kumfundisha mtoto mwingine, asiyemjua, aliye mbali, hawezi kujificha nyuma ya maneno makubwa ya Kifaransa. Asipoelewa yeye, ukurasa wake hautaeleweka, na msomaji ataondoka.

Kuna mfano mwingine. Aaron Swartz, kijana wa jimbo la Illinois, alikuwa na miaka 13 alipopata tuzo ya ArsDigita, iliyokuwa ya vijana wenye tovuti za kuelimisha zisizo za biashara. Tovuti yake, The Info Network, ilikuwa maktaba ambayo kila mtu angeweza kuiongezea anachokijua. Wikipedia ilikuwa bado kuzaliwa. Hiyo ilikuja Januari 2001. Kilichomsaidia zaidi Swartz si tuzo, bali ni kwamba mainjinia waliomzidi umri mara mbili na tatu walianza kumchukua kama mwenzao. Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari ndani ya kikundi kilichoandika kanuni za RSS 1.0, njia ya kumfikishia msomaji habari mpya za tovuti bila yeye kuzunguka kuzitafuta.

Ni kusema, kutambuliwa kwa kweli ni kupewa kazi nyingine iliyo kubwa zaidi.

Kinyume chake pia kimeonekana, tena kwa lugha ya Kiswahili. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Google iliandaa shindano kwa wanachuo wa Kenya na Tanzania ili waandike makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Makala ziliingia kwa mamia, zawadi zikagawiwa. Baada ya hapo, walioendelea kuandika walikuwa wachache. Hakuna wa kuwalaumu vijana hao: waliitwa kwenye mashindano, wakashindana, yakaisha. Hakuna chuo kilichokuwa kimewaambia kwamba kuandika makala nzuri ni sehemu ya masomo yao.

Huku Congo, chuo kikuu kinajua kuheshimu karatasi. TFC inachapwa, inafungwa vizuri, inatetewa mbele ya walimu, familia inaleta maua na soda. Baada ya hapo nakala moja inaingia kwenye rafu ya maktaba, na pengine mtu wa mwisho kuifungua ni mchwa. Yaliyomo ndani yake, hata yakiwa mazuri kabisa, hayamfikii mwalimu wa sekondari ya Walikale au ya Shabunda. Mwanafunzi aliyeweka maarifa hayo hayo kwenye tovuti, kwa maneno ambayo mtoto wa sekondari anaelewa, hapati hata pointi moja. Huo si usawa, na pia ni hasara.

Chukua swala la mazuku. Neno hilo la huku kwetu Kivu limeingia hadi kwenye vitabu vya wataalamu wa volkano wa Ulaya: ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kukaa mabondeni, haionekani, na inaua mbuzi, mbwa na watu. Kila mkaaji wa Goma na Sake amesikia habari zake. Lakini mtoto akitaka kujua kwa nini hewa hiyo inakaa chini, kwa nini asubuhi na mapema ni hatari zaidi, na kwa nini mtu anayeinama kumwokoa mwenzake naye anaanguka, atayapata maelezo mazuri kwa Kifaransa cha wataalamu au kwa Kiingereza. Mwanachuo wa jiolojia au wa kemia anaweza kuyaandika kwa Kiswahili ndani ya wiki chache, pamoja na michoro, pamoja na mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002 na ule wa Mei 2021, pamoja na gesi ya methane iliyo chini ya ziwa Kivu. Kazi ya namna hiyo inaweza kuokoa mtu. Iko sababu gani ya kuipa thamani ndogo kuliko kurasa 40 za TFC zilizonakiliwa kutoka TFC ya mwaka uliotangulia?

Walimu wengine wanajibu kwamba kwenye intaneti kila mtu anaandika anachotaka, na kwamba mwanafunzi atanakili tu. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kunakili hakukuanza na intaneti, na dawa yake inajulikana: msimamizi anayesoma kweli, anayeuliza maswali, anayekataa ukurasa usioeleweka. Tovuti tena inasomwa na watu wengi, kwa hiyo kosa linaonekana haraka kuliko kwenye rafu. Kinachowatisha walimu wengine pengine ni hicho hicho, kwamba jina la msimamizi nalo litasomwa na watu wengi.

Swala gumu zaidi ni lile la ThinkQuest: nani atatunza? Anwani ya tovuti inalipiwa kila mwaka. Mwanafunzi akimaliza masomo, akikosa kazi, akikimbia vita, halipi tena, na tovuti inazima. Hata Oracle, kampuni ya mabilioni, iliamua siku moja kufunga, na kinachoweza kusomwa leo ni zile kurasa ambazo Internet Archive ya San Francisco ilizinakili. Basi ni kosa kumwachia kijana mmoja mzigo huo. Chuo ndicho kinachopaswa kuwa na anwani yake ya .cd na kuweka chini yake kazi za wanafunzi wake, zikiwa na majina yao na mwaka, hata baada ya wao kuondoka.

Nakala za kubaki nje ya intaneti nazo ni za lazima. Umeme wa huku unajulikana, na mega ni ghali kwa shule ya kijijini. Programu ya Kiwix inawezesha kusoma Wikipedia nzima kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Tovuti ya masomo yenye kurasa 30 inaingia kwenye flash disk pasipo shida na kupelekwa kwa pikipiki hadi shule isiyo na mtandao. Gharama yake haifiki ile ya sherehe moja ya kutetea TFC.

Baraza la chuo halihitaji kusubiri sheria mpya kutoka Kinshasa ili kuanza. Sehemu moja tu, tuseme ya informatike au ya jiolojia, inaweza kuamua kwamba mwaka ujao mwanafunzi atachagua: TFC ya kawaida, au TFC fupi pamoja na tovuti ya somo moja la sekondari, itakayojaribiwa darasani na mwalimu wa shule kabla ya siku ya utetezi. Mwalimu huyo akae mezani pamoja na maprofesa, naye atoe pointi zake.