Chumvi na Historia ya Nchi za Ziwa

Wapo wanaoianza historia ya Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, siku John Hanning Speke alipoliona Ziwa kwa mara ya kwanza. Kwao, yaliyotangulia ni giza tupu, kwa kuwa hayakuandikwa. Hoja hii ni dhaifu, na chumvi peke yake yatosha kuivunja.

Mapema mwaka uo huo, Speke na Burton walipita Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi, na Burton mwenyewe akaandika habari za biashara yake. Mwaka 1967 Sutton na Roberts walipochimba mahali pale, walikuta meko, majivu na vigae, tabaka juu ya tabaka. Na vipimo vya mkaa vikaonyesha kwamba kazi hiyo ilianza katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Basi huyo aitwaye mvumbuzi alipita penye majivu ya karne zaidi ya kumi.

Mpinzani atasema kwamba Uvinza ni mbali, na maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi. Hapo ndipo hoja yake inapomgeukia. Kitu kisichopatikana nyumbani hufuatwa ugenini. Wasukuma walikwenda kwa miguu hadi Ziwa Eyasi, safari ya hatari, wakarudi na mizigo ya chumvi. Huko Kibiro, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, wanawake huchuja udongo wa chumvi na kuchemsha maji yake. Na uchimbaji alioufanya Graham Connah kuanzia 1989 ulithibitisha kwamba kazi yao ni ya karne nyingi. Mahali penye safari za kupangwa, njia za kulindwa na bei za kupatana, pana historia.

Kosa ni kudhani kwamba mambo ya kale ni magofu ya Kilwa tu. Jumba la mawe hujitangaza lenyewe. Jaa la vigae hungoja msomaji. Msomaji akikawia, jembe halikawii. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo, lakini haiwezi kulilinda lundo ambalo hapana aliyelitambua.

Mwanafunzi wa Mwanza akiijua tarehe ya Speke, asiijue njia iliyowaletea babu zake chumvi, upungufu huo si wa babu zake. Ni wa waliomfundisha.