Ukitapeliwa, Usinyamaze



Likizo iliyopita kwaya ya kigango chetu ilinikabidhi shilingi 350,000 ninunue kinanda kilichotumika. "Frateri, wewe ndiye unayejua mambo ya mtandao," mwenyekiti aliniambia. Nikampata muuzaji Instagram, picha nzuri, wafuasi wengi. Alitaka fedha yote kwanza, nikatuma. Akanirushia picha ya risiti ya basi, kisha akaomba nauli ya mzigo, nikatuma tena. Basi lilifika bila mzigo wetu, na namba yake haikupatikana tena.

Usiku ule sikuwaza kwanza fedha ya wanakwaya. Niliwaza jina langu. Nilitamani kusema kinanda kinachelewa, huku nikitafuta mkopo wa kufukia shimo. Dominika nikasimama mbele yao, nikasema ukweli. Tulipotoka, mama mmoja akanivuta pembeni: "Mwanangu, huyohuyo alinila fedha ya vitenge. Niliona aibu kusema."

Simlaumu, maana nami nilikaribia kunyamaza. Lakini angesema, fedha ya kwaya ingepona. Tapeli anaishi kwa aibu yetu kuliko kwa ujanja wake.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba muuzaji anawajibika kutaja kasoro iliyofichika ya bidhaa, ikiwa inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari. Kwa maoni yangu, wajibu huo unamgusa pia mnunuzi aliyekwisha kuumia. Yeye anaijua kasoro ya muuzaji ambayo jirani yake haioni. Akiificha, jirani atanunua hasara ileile.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tulipe baada ya kuona mzigo. Kama muuzaji yuko mbali, tumwombe ndugu au rafiki aliye huko akaukague kwanza. Wingi wa wafuasi si ushahidi wa uaminifu. Na ukishaibiwa, ripoti polisi, toa taarifa ya namba ile kupitia 15040, kisha waambie wenzako kwenye jumuiya. Nasi tunaosikiliza tusimcheke. Kicheko chetu ndicho kinachomfunga mdomo anayefuata.

Deni la kwaya bado nalilipa kidogo kidogo. Ni zito, lakini nalala.