Barafu ya Kukariri

Kidato cha pili, hapa Muleba, tulikariri kwamba barafu huteleza kwa sababu uzito wa mtu huiyeyusha. Tukajibu mtihani, tukapewa alama.

Maelezo hayo hayatoshi. Mtu aliyesimama na viatu vyake hafikishi hata shinikizo la angahewa moja, na shinikizo hilo hushusha joto la kuyeyukia barafu kwa chini ya nyuzi 0.01. Bado anateleza. Faraday alishasema mwaka 1850 kwamba uso wa barafu una utando wake wa maji.

Nani angembishia mwalimu? Hakuna aliyewahi kukanyaga ziwa lililoganda. Ila nje ya dirisha, mvua ikinyesha, bodaboda walipanda kwenda Kamachumu miguu ikiburura kwenye tope jekundu. Penye changarawe, tairi linashika. Msuguano ulikuwa pale, na hakuna aliyetutoa nje tukaupime.

Mwaka 1963, pale Magamba, Erasto Mpemba aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Walimu hawakumwamini, alishikilia, kwa kuwa aiskrimu aliigandisha mwenyewe. Aliyekariri tu hana cha kubishia. Msiiondoe barafu vitabuni, litangulizeni tope.